Wifi Kwenye Kiti cha Nyuma

Mama Pacha alikuwa amesimama gatini tangu jua halijapata makali, mkoba begani na kofia mpya kichwani, akimsubiri mumewe amalize kile alichokiita "dharura ndogo kiwandani" ili wapande meli. Safari hii walikuwa wameiongea mwaka mzima. Ndoa yao ilikuwa imetimiza miaka ishirini, pacha wao walishaenda chuo, nyumba ilikuwa imebaki na mwangwi, na mume, kwa mshangao wa kila mtu, alikuwa amekwenda mwenyewe kwa wakala akakata tiketi mbili. Ilikuwa meli ndogo ya kutambaa kandokando ya pwani wiki nzima, ikitia nanga penye kila ghuba nzuri ili abiria wapige makasia kwenye kayaki na kuogelea juu ya matumbawe, miwani usoni na bomba la kupumulia mdomoni.

Aliyetokea hakuwa mume. Ilitangulia sauti.

"Wewe kijana, sanduku hilo halivutwi hivyo! Lina magurudumu manne, wewe unalivuta kama mbuzi!"

Nyuma ya sauti akaja wifi yake, amejifunga kitambaa kichwani kama mtu anayekwenda kusimamia ujenzi.

Wifi huyu alikuwa dada mkubwa wa Baba Pacha, mlezi mstaafu wa bweni la wasichana. Wasichana wake ndio waliompa jina la Kengele, na jina likamfuata mpaka kwenye ukoo, kwa sababu hakuwahi kuhitaji chombo chochote cha kuwaamshia watu.

"Mumeo haji," alisema hata kabla ya kusalimia. "Tanuri kuu la kiwanda limekufa. Hawawezi kuoka hata mkate mmoja bila yeye. Kaniambia nije mimi, nafasi isipotee."

"Si angenipigia simu mimi mwenyewe?"

"Mikono yake ilikuwa imejaa grisi."

"Na wewe alikupigia kwa miguu?"

Kengele akaangalia pembeni, akakuta mabaharia wawili wamesimama bila kazi, akawapa kazi. Mama Pacha alibaki pale anatazama barabara kuu kwa muda, labda teksi itatokea. Haikutokea. Honi ya meli ikalia. Akapanda.

Chumba chao kilikuwa na upana wa kabati, na vitanda viwili, kimoja juu ya kingine. Kengele alichukua cha chini kwa sababu ya magoti. Baada ya nusu saa akasema chini hakuna hewa, akataka cha juu. Alipofika juu akasema dari linamkaribia, akashuka. Mama Pacha alihamisha mto wake huku na huko, akijiambia kwamba wiki si mwaka.

Alfajiri, kabla hata kuku hawajafikiria kuwika kule bara, sauti ilipasua chumba: "Haya, amkeni! Shuka zikunjwe, meno yapigwe mswaki!" Mazoea ya miaka yote ya bweni. Kuta za meli zilikuwa za mbao nyembamba, na chumba cha jirani walilala maharusi wapya. Ukuta uligongwa kwa hasira. Kengele naye akagonga, akidhani anasalimiwa.

Wakati wa chai alihesabu abiria mezani, akakuta mmoja pungufu. Hakutulia mpaka alipompata, mzee mmoja mstaafu wa benki, akamgongea mlango wa choo: "Uko salama humo ndani?" Yule mzee tangu siku hiyo akawa anakula amejificha nyuma ya nguzo.

"Wifi," alisema Mama Pacha kwa sauti ya chini, "hawa ni watu wazima. Wamelipa."

"Ndiyo maana nawahesabu. Ingekuwa bure ningewaacha."

Siku hiyo walishushwa kwenye kayaki. Mwongozaji wao alikuwa mwanamke mwembamba mwenye filimbi shingoni na subira ambayo Mama Pacha aliionea wivu. Aliwapanga wawili wawili, akaeleza: wa mbele anaweka mwendo, wa nyuma ndiye anayekipa chombo mwelekeo, kwa hiyo nyuma akae mtu mtulivu na mwenye nguvu. Mama Pacha, aliyejifunza kuogelea na kupiga makasia tangu utotoni, alikwishainua mguu kuingia nyuma. Alikuta kumeshakaliwa.

"Mimi nimetembea nyuma ya wasichana maisha yangu yote," alisema Kengele, akikaza mikanda ya jaketi la kujiokolea. "Ukikaa mbele huwaoni."

"Hapa hakuna msichana wa kuangaliwa. Ni mimi peke yangu."

"Basi nitakuangalia wewe."

Wakazunguka. Kayaki za wenzao zilinyooka kama sindano kuelekea ufukwe mweupe ng'ambo ya ghuba, na yao ilichora duara, ikachora jingine, ikaugeukia tena ubavu wa meli, ambako mpishi alikuwa ametoka jikoni kuwatazama huku akimenya vitunguu.

"Kulia, wifi! Piga kulia!"

"Kulia kwako au kulia kwangu?"

"Sote tumeangalia upande mmoja!"

"Usinipigie kelele, sisi hatusikii kwa kupigiwa kelele."

Maharusi walipita karibu yao, makasia yakipanda na kushuka pamoja kama yamefungwa uzi, na bwana harusi akawapungia mkono. Kengele naye akapunga, na kasia likamponyoka. Wakashinda wanalifukuza, ilionekana hivyo kwa Mama Pacha, ingawa huenda ilikuwa ni dakika chache tu.

Wakati huo ndipo alipomkumbuka mumewe kwa uchungu hasa. Baba Pacha alikuwa mwogeleaji. Alimwambia hivyo siku za mwanzo kabisa za uchumba, alipokuja kumtazama akiogelea kwenye bwawa la klabu: "Mimi? Mimi ni samaki." Alimsimulia jinsi alivyovuka mto kwenda na kurudi alipokuwa shule, wenzake wakishangilia kutoka ukingoni. Kisha, muda mfupi kabla ya harusi, maskini, akapata tatizo la sikio. Maji yakiingia tu, alisema, kichwa kizima kinalia. Tangu hapo kila walipokwenda ufukweni alikaa mchangani, suruali kaikunja mpaka magotini, analinda kandambili za familia. Na jioni Mama Pacha alimpashia mafuta kwenye kijiko, akamdondoshea sikioni tone kwa tone, huku mume amemlalia mapajani amefumba macho. Safari hii alikuwa amesema sikio limepona. Mama Pacha alikuwa na hamu, kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, ya kumwona samaki wake majini.

Badala ya samaki alipewa kengele.

Kuogelea na bomba hakukuwa afadhali. Kengele hakujua kuogelea, lakini akiwa na jaketi alielea kama kizibo, na hofu hakuwa nayo hata chembe. Tatizo ni kwamba alikataa kunyamaza. Bomba liko mdomoni, uso uko majini, na yeye anazungumza. Chini kule Mama Pacha alikuwa ameona samaki wa njano wakipita katikati ya matumbawe kama majani yanayopeperushwa, moyo umeanza kumtulia, akasikia pembeni yake: "Bu-bu-buuu! Bu-bu!" Akainua kichwa.

"Nini?"

Kengele akatoa bomba. "Nasema, umemwona yule?"

"Yupi?"

"Sasa ameondoka. Umechelewa."

Hivyo hivyo, asubuhi yote.

Siku ya tatu msafara uliingia kwenye mkondo mwembamba katikati ya mikoko. Mwongozaji aliwakusanya mdomoni mwa mkondo, akawaonyesha miti iliyochomekwa majini. "Maji yanakupwa," alisema. "Piteni upande wa kulia wa hii miti, msikate kona. Kushoto ni tope."

Walikuwa wa mwisho, kama kawaida. Kengele aliona wenzao wanazunguka kona ndefu, akaona na njia fupi mbele yake, maji yametulia, yanameremeta.

"Tukipita hapa tutawatangulia."

"Ametukataza."

"Amekataza watu wasio na macho. Piga kasia."

"Wifi, sipigi."

Kengele alipiga mwenyewe, makasia matatu ya nguvu, na kwa mara ya kwanza tangu safari ianze kayaki yao ilikwenda moja kwa moja bila kuyumba, mpaka katikati ya tope, ikakwama. Maji yaliendelea kuondoka kimyakimya chini yao. Mama Pacha alijaribu kusukuma kwa kasia, kasia likazama hadi kwenye mpini. Kutoka mbali filimbi ililia, na mwongozaji akapaza sauti kwamba wasishuke, wasubiri, atawafuata kwa kamba akishawafikisha wengine.

Wakakaa. Kaa wadogo walitoka kwenye mashimo yao wakawatazama.

"Tope lenyewe si baya sana," alisema Kengele.

Hapo Mama Pacha alijikuta amefika mwisho. Hakugeuka nyuma, maana kayaki ingepinduka, kwa hiyo aliipigia kelele mikoko iliyokuwa mbele yake.

"Mwaka mzima! Mwaka mzima nimeisubiri safari hii! Nimeshona mapazia ya hoteli nzima usiku na mchana ili nipate wiki moja ya kupumzika, na nimepumzika nini? Naamshwa kama mwanafunzi! Nazungushwa kama pia! Samaki siwaoni! Angekuja mume wangu, tungekuwa tumeshafika huko mbele. Mume wangu ni mwogeleaji, anayajua maji, mume wangu amevuka mto..."

"Mto gani?"

"Mto wa kwenu! Kwenda na kurudi!"

Nyuma yake kulikuwa kimya. Kimya kwa Kengele kilikuwa kitu kigeni kiasi kwamba Mama Pacha alidhani ameanguka. Kisha akasikia pumzi ndefu ikitoka, kama tairi linaloishiwa upepo.

"Nimechoka," alisema Kengele. "Nimechoka na huyu mtoto. Sikiliza, wifi yangu. Mto aliovuka una daraja. Hata hilo daraja alikuwa analivuka ameshika mkono wangu."

"Unasema nini?"

"Mumeo hajui kuogelea. Hajawahi kujua. Maji yakimpita magoti anatetemeka. Wewe unafikiri mimi nilitaka kuja hapa? Miguu yangu inavimba, kuku wangu nimewaachia jirani asiyejua hata kuwapa maji. Lakini kanipigia simu analia. Kaniambia, dada, nilidhani ni meli tu, meli ya kukaa na kutazama pwani. Kumbe kila siku wanatumbukizwa. Kaniambia, dada, nifichie aibu."

"Na tanuri?"

"Tanuri zima. Linaoka mikate."

Mama Pacha aliwatazama kaa. Alitaka kucheka, akakuta kicheko hakipo. Alitaka kulia, nacho kilio kikakataa. Kilichokuja kilikuwa kitu kimoja tu.

"Mafuta," alisema.

"Mafuta gani?"

"Ya sikio, wifi! Nimempashia mafuta ya sikio miaka ishirini! Nimejiunguza vidole kwa kijiko! Sikio lilikuwa linauma au la?"

Kengele alijikohoza. "Alisema yanampa usingizi mzuri."

Mwongozaji alipofika na kamba aliwakuta wanagombana kwa nguvu zote, mmoja ameangalia mbele na mwingine ameangalia kisogo cha mwenzake. Aliwafunga, akawavuta kwenye tope kama gunia la makaa, mbele ya msafara mzima uliokuwa umerudi kutazama. Mstaafu wa benki alipiga makofi.

Mtandao wa simu kwenye meli ulipatikana sehemu moja tu, sitaha ya mbele karibu na mnyororo wa nanga. Mama Pacha hakungoja hata kuoga. Alisimama pale, tope limemkauka miguuni, akapiga.

"Mke wangu!" Sauti ya Baba Pacha ilikuwa na furaha kubwa mno. "Mnaendeleaje?"

"Salama. Tanuri linaendeleaje?"

"Ah, tanuri! Tanuri limetutesa. Tumelifungua lote, tukakuta kichomeo kimeziba, tukasema sawa, kumbe na feni imekatika mkanda. Sasa mkanda wenyewe hapa mjini haupatikani..."

Alimwacha aendelee. Mume alieleza mkanda, akaeleza bosi alivyopandwa na jazba, akaeleza jinsi alivyolala kiwandani juu ya magunia ya unga. Alikuwa msimuliaji mzuri, hilo Mama Pacha alilikubali. Hata mto ule aliusimulia vizuri.

"Pole sana," alisema Mama Pacha. "Na daraja?"

"Daraja lipi?"

"La ule mto."

Alisikia redio ya sebuleni kwake mwenyewe ikitangaza mpira.

"Dada kasema," alisema Baba Pacha hatimaye.

"Kasema."

"Yule ana mdomo..."

"Usimseme dada yako!" Sauti yake ilimshtua hata yeye. "Dada yako ana miguu inayovimba na yuko hapa amevaa jaketi la plastiki kwa ajili yako. Wewe uko sebuleni kwangu unasikiliza mpira! Kwa nini ulikata tiketi hizi? Nani alikulazimisha?"

"Ile picha kwenye dirisha la wakala," alisema Baba Pacha. "Kila tukipita pale ulikuwa unapunguza mwendo. Hukusema kitu, unapunguza mwendo tu. Nikajiambia, tukishafika huko nitajua la kufanya. Kisha nikasoma vizuri."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia lini? Mwaka wa kwanza ilikuwa aibu. Mwaka wa kumi ilikuwa kesi."

Mama Pacha aliiondoa simu sikioni, akaitazama. Akakata simu. Nyuma yake maharusi walikuwa wanasubiri zamu yao ya kupiga, wamejifanya wanatazama bahari.

Kesho yake asubuhi alifika kwenye kayaki kabla ya wote na kukaa nyuma. Kengele alisimama juu yake, mikono kiunoni.

"Hapo ni pangu."

"Palikuwa."

"Wewe una hasira na mdogo wangu, unazimalizia kwangu."

"Ndiyo. Kaa mbele."

Kengele akakaa mbele, akanuna mpaka katikati ya ghuba, kisha akaanza kutoa amri bila kugeuka. Mwamba kushoto! Punguza! Unakwenda wapi? Lakini chombo kilinyooka, na Mama Pacha aligundua kwamba sauti ile ikitokea mbele inakwenda na upepo, haimfikii yote.

Walipoogelea juu ya matumbawe siku hiyo, Kengele alianza tena na bu-bu-buu yake. Mama Pacha alimshika mkono ili amnyamazishe. Wakati huohuo, chini yao, mchanga ulijinyanyua. Taa, samaki bapa mkubwa kama meza ya kulia, alikuwa amelala pale wakidhani ni sakafu ya bahari, naye akajikung'uta, akapiga mbawa zake taratibu, akapita chini ya matumbo yao, karibu kiasi kwamba waliona vidoa vya mgongoni. Kengele hakutoa sauti. Alimbana Mama Pacha vidole mpaka vikauma, na taa alipokwishapita wakaendelea kuelea vile vile, uso majini, kila mmoja akisikia pumzi ya mwenzake kwenye bomba.

Juu, Kengele alitoa bomba mdomoni. "Huyo umemwona?"

"Huyo nimemwona."

"Haya. Usije ukasema sikukuonyesha."

Wengine wangesema tangu hapo wakapatana. Hawakupatana sana. Waligombania taulo, wakagombania dirisha, na alfajiri iliyofuata shuka zilikunjwa kwa amri kama kawaida. Ila Mama Pacha alianza kujibu kwa sauti ile ile, kutoka kitanda cha juu, na jirani zao maharusi wakahamia chumba cha mwisho kabisa, karibu na injini.

Siku ya kurudi Baba Pacha alikuwa gatini. Walimwona toka mbali, amevaa shati lake la sherehe, amesimama mbali na ukingo kama mtu anayechungulia chini kutoka paa la ghorofa. Ubao wa kushukia uliteremshwa, mwembamba, una kamba upande mmoja, na chini yake maji ya kijani yalikuwa yanapanda na kushuka kwenye nguzo.

"Mizigo," alisema Mama Pacha, akainamia mkoba wake.

"Iache," alisema Kengele. "Tazama."

Baba Pacha alikuwa ameukaribia ubao. Aliweka mguu mmoja, akauondoa. Akapangusa viganja kwenye suruali. Kisha akashika kamba kwa mikono yote miwili, akaanza kupanda kiubavu, kama kaa, macho ameyakaza kwa mkewe bila kupepesa. Ubao ulicheza. Alisimama katikati. Abiria waliokuwa wanataka kushuka walijazana nyuma ya Mama Pacha, mtu akalalamika, na Kengele akageuka akamwangalia mlalamikaji mpaka akanyamaza.

Alipofika sitahani alikuwa amelowa jasho.

"Nimekuja kuwachukulia mizigo," alisema.

"Sanduku limeshashushwa kwa mlango wa nyuma," alisema baharia mmoja. "Liko kule chini, bosi."

Baba Pacha akatazama kule chini, kwenye sanduku lenye magurudumu manne, lililokaa salama kwenye nchi kavu. Akautazama tena ubao.

Mama Pacha alikuwa na maneno. Alikuwa ameyapanga siku nne nzima, mengine ameyajaribu kwa wifi yake kwenye kayaki, na wifi amemsaidia kuyanoa. Yalikuwa maneno mazuri, na mengi yake angeyasema jioni hiyo hiyo, na mengine kesho yake. Lakini watu walikuwa wanasukuma kwa nyuma, na mwanamume huyu alikuwa amesimama pale, mkono mmoja bado kwenye kamba.

"Haya," alisema, "nipe mkono. Si huo, huo umeshika kamba. Huo mwingine. Usiangalie chini, nimekuambia usiangalie chini! Kwa nini unaangalia chini?"